Bwana Msa angeuliza nini Mtera?

Mvua zikichelewa Mbeya na Iringa, jina la Mtera hupanda hadi ukurasa wa kwanza. Habari huwa fupi, na haikosi namba mbili. Ya kwanza ni mita 690 kutoka usawa wa bahari: maji yakishuka chini ya hapo, kituo hakitakiwi kuzalisha umeme. Ya pili ni mita 698.5: hapo bwawa limejaa. Tofauti yake ni mita nane na nusu tu, na kwa zaidi ya miaka thelathini Watanzania wamezifuatilia kama wanavyofuatilia bei ya mafuta.

Anayepita hapo kwa basi la Dodoma kwenda Iringa anaiona Mtera nyingine kabisa. Baada ya Fufu na Chipogolo, barabara inateremka kwenye mibuyu na miiba, kisha ghafla gari linapita juu ya ukuta wenyewe wa bwawa. Upande mmoja ni maji hadi macho yanapochoka, upande wa pili ni bonde la mawe ambamo Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake. Mkoa mmoja unaishia hapo na mwingine unaanza. Basi likipunguza mwendo tu, wachuuzi wameshafika madirishani na samaki: perege waliokaangwa, kambale waliokaushwa kwa moshi, wamekunjwa mkia ukaingizwa mdomoni ili wasivunjike.

Watu hawa hawamo kwenye habari ya mita 690, na haiwezekani wawemo, kwa sababu aya nne za gazeti hazina nafasi yao. Ndiyo maana katika kila nchi hutokea mwandishi wa habari ambaye daftari linamfurika, akakuta gazeti halitoshi, akaingia kwenye riwaya. Uingereza ilimpata wake mwanzoni mwa karne ya 18, akaitwa Daniel Defoe. Sisi wa Kiswahili tulimpata wetu Unguja, naye ni Muhammed Said Abdulla.

Kutoka Bwana Afya hadi Bwana Msa

Abdulla alizaliwa Makunduchi tarehe 25 Aprili 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 hakukimbilia kalamu, aliajiriwa Idara ya Afya ya Umma kama mkaguzi, yaani bwana afya, akaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi.

Wanaoandika juu yake huipita miaka hiyo kwa sentensi moja. Nadhani hapo ndipo wanapopoteza ufunguo. Bwana afya analipwa ili asiamini anachoambiwa. Mwenye nyumba atamwambia kisima ni safi, naye ataomba ndoo. Mwenye mgahawa atamwambia nyama ni ya leo, naye atainusa. Mtoto ameugua na jirani anasema amerogwa, naye anazunguka nyuma ya nyumba kutazama choo kiko hatua ngapi kutoka kwenye maji. Anaingia uani kwa tajiri na kwa maskini, anajua nani anaishi na nani, na anajifunza kwamba maneno ya mtu na hali ya uwanja wake mara nyingi havipatani.

Mwaka 1948 aliacha kazi hiyo akawa mhariri wa gazeti la *Zanzibari*. Katika muongo uliofuata alikuwa mhariri msaidizi wa *Al-Falaq*, *Al Mahda* na *Afrika Kwetu*. Mwaka 1958 alikabidhiwa *Mkulima*, jarida la kilimo. Mwaka huohuo hadithi yake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilitangazwa mshindi wa kwanza wa shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau. Alikuwa na miaka 40.

Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Wahakiki hawaachi kumtaja Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na ni kweli undugu upo. Lakini Holmes hakuwahi kukabiliwa na mtihani wa Bwana Msa. Maiti imekutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu hawathubutu kwenda, na mtaa mzima umeshaamua nani ameua: wa kale wamekasirika. Upelelezi wenyewe unaonekana kama utovu wa adabu. Bwana Msa hawatukani wanaoamini. Anauliza tu maswali ya bwana afya. Nani alifika pale mwisho? Alipita njia gani? Na watu wakiogopa kusogea, hofu yao inamfaa nani?

Swali hilo la mwisho ndilo Abdulla alilolirudia katika *Kisima cha Giningi* (1968), kitabu kingine kilichompa tuzo. Giningi, kwa masimulizi ya Unguja, ni makutano ya wachawi. Abdulla hakuandika insha ya kuwaelimisha watu waache ushirikina, mtindo uliopendwa na maofisa wa kikoloni na hata baadhi ya walimu wetu baada ya Uhuru. Aliweka tukio, akaweka mashahidi wanaopingana, akamwacha msomaji apime mwenyewe.

Alistaafu *Mkulima* mwaka huohuo wa 1968, baada ya kuwa na jarida hilo kabla na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Kustaafu kukamfungulia mlango. *Duniani Kuna Watu* ilitoka 1973, *Siri ya Sifuri* 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* 1976. Vitabu vinne kwa miaka minne, kutoka kwa mtu ambaye wenzake wa rika lake walikuwa wanahesabu pensheni. *Kosa la Bwana Msa* ilifuata 1984. Alifariki Machi 1991, wakati wanafunzi wa Bara na Visiwani walikuwa wameshamsoma darasani kwa vizazi viwili.

Mwingereza mwenye madeni

Defoe alizaliwa London mnamo 1660, mtoto wa mtengeneza mishumaa aliyeitwa James Foe. Hilo "De" lenye harufu ya ukabaila alijiongezea mwenyewe ukubwani. Akiwa mtoto wa miaka mitano hivi tauni iliua maelfu mjini kwao, mwaka uliofuata moto ukaunguza mji. Wazazi wake walikuwa Wakristo waliokataa kufuata Kanisa la Uingereza, kwa hiyo milango ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge ilikuwa imefungwa kwake. Akaenda kwenye biashara: soksi, mvinyo, tumbaku. Mwaka 1692 akafilisika, akidaiwa pauni 17,000, fedha ambazo kwa wakati ule zilikuwa mali ya tajiri mkubwa.

Kalamu ilimwingiza gerezani. Desemba 1702 alitoa kijitabu alichojifanya ndani yake kuwa mshupavu wa Kanisa anayetaka watu wa madhehebu yake mwenyewe Defoe waangamizwe. Ilikuwa kejeli, lakini baadhi ya wakubwa waliisoma wakaafiki, na walipogundua wamechezewa walikasirika maradufu. Julai 1703 alisimamishwa hadharani siku tatu, shingo na mikono ikiwa imebanwa kwenye mbao. Aliyemtoa gerezani ni mwanasiasa Robert Harley, kwa malipo ya kumtumikia. Kuanzia 1704 hadi 1713 Defoe aliendesha gazeti la *Review*, sehemu kubwa akiliandika peke yake, huku akitumwa Scotland kama jasusi wa serikali.

Aliandikia chama kimoja, baadaye akakiandikia kingine, na kuna wakati aliandika kwenye gazeti la wapinzani akiwa analipwa na serikali kulipunguza makali. Ukisoma orodha ya magazeti ya Abdulla unaona kitu kinachokaribiana na hicho kwa mbali, bila ujasusi ndani yake. *Al-Falaq* lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. *Afrika Kwetu* lilisimama upande wa Jumuiya ya Waafrika. Unguja ya miaka ya 1950 ilikuwa inagawanyika, na kila gazeti lilikuwa na watu wake na maadui zake. Mtu aliyekaa kwenye meza za pande zote mbili amesikia kila upande unavyomsimulia mwenzake, na amejua kwamba kisa kimoja kinaweza kuwa na wasimulizi wawili waaminifu wasiokubaliana. Kwa mwandishi wa hadithi za upelelezi, hakuna shule bora kuliko hiyo.

*Robinson Crusoe* ilitoka tarehe 25 Aprili 1719, siku ambayo karne mbili kasoro mwaka mmoja baadaye Abdulla angezaliwa. Defoe alikuwa anakaribia miaka 60. Watu hukikumbuka kisiwa na nyayo mchangani. Mimi naona ufundi wake uko mapema zaidi, pale meli inapozama na Crusoe anatapikwa ufukweni peke yake. Mwandishi mwingine angelia na wenzake waliokufa ukurasa mzima. Defoe anataja kilichoonekana majini: kofia chache, na viatu viwili ambavyo si jozi moja. Basi. Viatu hivyo visivyolingana vinatuambia kwamba wamekufa watu zaidi ya mmoja, kwamba bahari haikuchagua, na kwamba aliyesalia bado ana akili ya kuhesabu. Ni jicho la mwandishi wa habari aliyefika kwenye ajali kabla ya polisi.

Jicho hilo alikuwa amelinoa miaka 15 nyuma. Novemba 1703 dhoruba kubwa iliipiga Uingereza, na Defoe akatoa tangazo kwenye magazeti akiwaomba watu wamwandikie walichokiona. Barua zikaja kutoka kila upande, naye 1704 akazitoa kama kitabu. Mwaka 1722 alirudi kwa njia hiyohiyo katika kitabu cha mwaka wa tauni: anataja mitaa, anaweka hesabu za vifo za kila wiki zilizokuwa zikikusanywa kutoka parokia, anapima uvumi dhidi ya hesabu. Msimulizi wake ni mtu mzima aliyebaki London wakati wa ugonjwa. Wengi waliamini ni ushahidi wa kweli, ilhali mwandishi alikuwa mtoto mdogo tauni ilipopita.

Hapo tumlaumu kidogo. Defoe aliiuza hadithi kwa sura ya taarifa. Ukurasa wa mbele wa *Robinson Crusoe* ulidai kwamba Crusoe ameiandika mwenyewe. Abdulla hakuhitaji hila hiyo. Alishinda shindano la hadithi, akachapisha hadithi, na msomaji alijua anachonunua. Kwa mwandishi wa habari wa leo mpaka huo ni wa kulinda kwa nguvu zote. Anayepamba taarifa anaiua. Anayetaka kusema asichoweza kukithibitisha, riwaya ipo, na ni mlango halali.

Bara ambalo Defoe hakuliona

Defoe aliandika pia kuhusu Afrika. Katika *Captain Singleton*, ya 1720, kundi la mabaharia linatoka Madagascar, linatua pwani ya Msumbiji, kisha linakata bara zima kwa miguu hadi magharibi. Defoe hakuwahi kukanyaga huku. Alikuwa na ramani na masimulizi ya wasafiri, na palipokosa habari alijaza majangwa, wanyama wakali, pembe za ndovu na dhahabu. Mbinu yake ya vitu vidogo haikumwacha, lakini safari hii vitu vyenyewe havikuwa na wa kumsahihisha.

Nyanda za kati za bara hilo hazikuwa tupu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, na katika karne ya 19 watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kupita na kunywa maji. Nchi kame ilikuwa na serikali, sheria na bei ya maji.

Aliyeyaandika hayo kwa Kiswahili alikuwa mwana wa Ugogo mwenyewe. Mathias Mnyampala alizaliwa 1917 Muntundya, katika eneo la Chamwino, wilaya ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na jimbo la uchaguzi lililobeba jina la Mtera. Alimtangulia Abdulla duniani kidogo tu. Mwaka 1954 kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichapishwa. Nchi inamkumbuka zaidi kwa ushairi, kwa uongozi wake katika UKUTA, chama cha Kiswahili na ushairi, na kwa ngonjera zilizokaririwa na kila mwanafunzi wa enzi za Azimio la Arusha. Wachache wanakumbuka kwamba aliandika pia hadithi ya nathari, *Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili*. Alifariki 1969 kabla ya kufikia miaka 52.

Mnyampala hakuwa mwandishi wa habari kwa ajira, na Bwana Msa asingempa kazi ya upelelezi. Lakini alikuwa na kile ambacho *Captain Singleton* haikuwa nacho: alitoka kwa watu anaowaandika, na wao wangeweza kumwambia amekosea. Mrina asali ni mtu unayeweza kukutana naye leo kwenye pori la Manzase, na msomaji wa Chamwino anajua mara moja kama mwandishi amewahi kuuona mzinga au amesikia tu.

Nani aliyekausha Ruaha?

Sasa turudi kwenye maji, maana hapa pana kisa ambacho Bwana Msa asingekiacha.

Bwawa la Mtera lilikamilika karibu na 1980 likiwa kama akiba ya maji ya kituo cha Kidatu kilicho chini zaidi mtoni, chenye uwezo wa megawati 204. Mitambo ya Mtera yenyewe, ya megawati 80, ilianza kazi 1988. Kwa hiyo maji yaleyale huzalisha umeme mara mbili: yanapotoka Mtera na yanapofika Kidatu. Yanaingia bwawani kwa mito mitatu mikubwa: Ruaha Mkuu kutoka bonde la Usangu, Ruaha Mdogo kutoka upande wa Iringa, na Kizigo kutoka kaskazini magharibi.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ukaendelea kukauka miaka iliyofuata. Miaka hiyohiyo nchi ilionja mgawo wa umeme. Mwaka 2006 hali ikawa mbaya, maji ya Mtera yakashuka chini ya kile kiwango cha 690, na viwanda vya Dar es Salaam vikakaa gizani. Mshitakiwa alipatikana upesi: wafugaji wa kinamasi cha Ihefu na wakulima wa mpunga wa Usangu. Serikali ikaamuru mifugo iondolewe Ihefu. Familia zikahama na ng'ombe wao kwenda mikoa ya mbali, Lindi ikiwemo, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi.

Hebu tumpe Bwana Msa kiko chake. Maiti ni mto, na tayari mtaa mzima umemjua muuaji. Atauliza: mto uliokauka hifadhini ulikauka miezi gani? Ya kiangazi. Bwawa hujazwa na maji ya miezi gani? Ya masika, wakati mto umefurika na ng'ombe mmoja au laki moja hawawezi kuumaliza. Kwa hiyo kukauka kwa mto na kukauka kwa bwawa yawezekana ni mambo mawili, hata kama yametokea mwaka mmoja. Mito mingine miwili ilileta kiasi gani? Na swali ambalo kila mpelelezi hulibakiza: nani alikuwa na ufunguo wa lango, na alifungulia maji kiasi gani, lini, kwa mahitaji ya nani?

Maswali hayo hayakubaki kwenye riwaya. Watafiti waliofanya kazi Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 waliyauliza kwa vipimo, na baadhi yao wakaandika kwamba upungufu wa umeme haukuweza kubebeshwa wafugaji na wakulima peke yao. Namna maji ya bwawa yalivyokuwa yanatumika ilikuwa na sehemu yake kubwa. Matumizi ya maji ya Usangu yaliumiza mto wakati wa kiangazi, hilo halikanushwi, na ukame nao ulikuwepo. Lakini hoja yenye sehemu tatu haiingii kwenye kichwa cha habari, na mfugaji wa Ihefu anaingia.

Ukitazama vizuri, mfugaji huyo alipewa nafasi ya mzimu. Alikuwa mbali, hakuwa na msemaji, na kumtaja kulifunga mjadala.

Jambo kama hilo hutokea kwa udogo pia, kwenye maziwa na mabwawa mengi nchini. Mvuvi akipotea, kabla mwili haujapatikana watu wameshagawanyika: hawa wanasema mamba, wale wanasema mamba wa kutumwa. Mwandishi wa habari anayefika hapo ana njia mbili rahisi. Aandike "imani za kishirikina" na kuwacheka watu, au aandike walichosema kana kwamba kimethibitika. Njia ya tatu, ya Bwana Msa, inataka muda: mtumbwi ulikuwa mzima? Alikwenda na nani? Wavu wake uliopatikana ulikuwa umekatika au umefunguliwa? Alikuwa anamdai nani? Mara nyingi atapata jibu la kawaida kabisa, na mara mojamoja atapata kisa ambacho kituo cha polisi hakikukiandika.

Wanaofuata njia hiyo

Abdulla hakubaki peke yake. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, akaihamishia hadithi ya uhalifu mjini. Elvis Musiba alifuata na *Kufa na Kupona* (1974), ambamo jasusi ana bastola zaidi ya maswali. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alikuwa mwandishi wa habari na mchapishaji, na *Dar es Salaam Usiku* inanuka chumba cha habari: anajua mji ule unalala saa ngapi na nani hulala wapi. Wote hao waliandika kwa kasi ya watu waliozoea muda wa mwisho wa gazeti, na wote walisomwa na watu ambao hawakuwa na mazoea ya kusoma.

Jiografia yao, hata hivyo, imeegemea pwani. Mpelelezi wa Kiswahili anaijua Darajani na anaijua Kariakoo. Ukimshusha Migoli au Chipogolo saa tisa alasiri atauliza basi linalofuata. Bara ya kati imebaki sehemu ya kupita kwenye riwaya kama ilivyokuwa kwenye misafara. Hali hii haitokani na uhaba wa visa. Bwawa lililozamisha bonde, wavuvi waliokuja kutoka kila upande, mpaka wa mikoa miwili katikati ya maji, nyaya za umeme zinazopita juu ya vijiji na kwenda mijini: Defoe angekaa hapo mwaka mzima na daftari.

Vyumba vya habari vya mikoani vimejaa watu wanaojua haya yote. Ni waandishi wanaolipwa kwa habari moja moja, wanaokwenda Mtera kwa lifti kupiga picha ya kiwango cha maji na kurudi Dodoma jioni. Wanarudi na aya nne za kuchapishwa na kurasa kumi zisizochapishika: aliyosema mzee wa kambi baada ya kinasa sauti kuzimwa, jina la tajiri mwenye mitumbwi yote, deni lililomfanya kijana avue usiku wa upepo. Kurasa hizo zisitupwe. Ziwekwe tarehe, zihakikiwe, zisubiri. Abdulla alifika kwenye riwaya akiwa na miaka 40, baada ya miaka kumi ya visima na vyoo na mingine kumi ya magazeti. Defoe alifika akikaribia 60, na wadai wakimfuata. Mwandishi wa Dodoma mwenye umri wa miaka 30 na daftari lililojaa hajachelewa kwa kipimo chochote. Anachokosa ni mchapishaji atakayemwambia alete, na mhariri atakayemuuliza, kabla ya lolote, nani aliyeona.